Mboko: Yaya, Leo na simu yenye kioo kilichopasuka

Mboko, sekta ya Tanganyika, wilaya ya Fizi. Saa kumi alfajiri, wavuvi wangali ziwani na taa zao, kuna mtu mmoja anayeshuka mwaloni na ndoo na kipande cha sabuni. Haendi mapema kwa kupenda baridi. Kila mtu wa pwani hii anajua utaratibu: wanawake wanaoga upande mmoja, wanaume upande mwingine, na katikati kuna mitumbwi iliyovutwa mchangani. Upande wa wanawake yeye hauwezi. Upande wa wanaume watamfukuza. Basi anaoga gizani, upesi upesi, macho yakitazama taa za wavuvi ili yasitazame mwili, na masikio yakitega maji. Mamba wapo. Wazee wamemkanya mara nyingi.

Nyumbani anaitwa Yaya. Jina lake la ubatizo halitaandikwa hapa, kwanza kwa usalama wake, pili kwa sababu kila akilisikia tumbo linamkaza. Jina la Yaya alipewa na mtoto wa mama yake mkubwa, mtoto wa miaka tisa ambaye hakufundishwa na mtu. Wasikilizaji walio Kigoma ao Dar es Salaam wasichanganyikiwe: huko yaya ni mwanamke anayelea watoto wa watu. Huku Kivu yaya ni yule aliyekutangulia kuzaliwa, awe mwanaume, awe mwanamke. Neno halisemi ni yupi. Ndiyo maana analipenda.

Alipozaliwa walisema ni msichana, na akalelewa hivyo. Sasa ana miaka 19. Anaeleza kwamba hata kabla ya kuanza shule ya msingi alikuwa akingoja siku ambayo mwili utajirekebisha wenyewe, kama vile meno yanavyong'oka na mengine kuota. Siku hiyo haikufika. Ilipofika umri wa matiti na damu ya mwezi, alilia wiki nzima, na wakubwa wakacheka kidogo, wakasema wasichana wote wanaogopa mwanzoni, atazoea. Hakuzoea.

Familia ilitoka Bonde la Ruzizi mwaka 2025, baada ya Bukavu kuanguka mikononi mwa M23 mwezi wa Februari. Walipita Uvira, wakapita Makobola, wengine kwa miguu, wengine juu ya lori, mpaka kwa mama mkubwa hapa Mboko. Mama mzazi hakuwa nao. Aliuawa miaka ya nyuma, katika shambulio moja la usiku ambalo hakuna aliyekuja kuuliza lilifanywa na nani. Nyumbani kwa mama mkubwa wanalala watu kumi na mmoja, vyumba viwili: cha wanaume na cha wanawake. Yaya analala kwenye korido, karibu na majiko, na anasema anapenda kulinda mlango. Watu wanamsifu kwa hilo.

Kitu pekee alichotoka nacho mfukoni ni simu. Kioo chake kimepasuka kutoka kona hadi kona, lakini ndani kuna mchezo.

Vijana wa huku hawahitaji maelezo, lakini wazazi wanaosoma huenda wakahitaji. Kuna programu moja inaitwa PPSSPP, ilitoka mwaka 2012, inayofanya simu iige mashine ndogo ya michezo ya Sony iliyoitwa PSP. Ukishapata faili la mchezo kutoka kwa rafiki, kwa Bluetooth tu, huhitaji tena intaneti wala megabaiti. Kwa sababu hiyo michezo ambayo Wazungu wameshaisahau inaendelea kuishi kwenye vibanda vya kuchajia simu, Uvira, Baraka, mpaka ndani ya kambi. Mmoja wao ni Tekken 6, ambao kwa PSP ulitoka mwaka 2009. Ni mchezo wa kupigana, mtu kwa mtu. Unachagua mpiganaji, mwenzako anachagua wake, na dakika mbili hazipiti mmoja yuko chini.

Yaya anachagua Leo. Siku zote Leo.

Leo Kliesen ni mpiganaji kutoka Ujerumani. Nywele fupi za rangi ya dhahabu, koti, buti, na mapigo ya viwiko na mabega ya mtindo wa Kichina unaoitwa bajiquan. Baba yake alikuwa mtu wa kutafiti mapango, akapotea. Mama yake, Emma, aliuawa, na polisi wakaufunga uchunguzi bila maelezo. Leo anaingia mashindanoni ili ajue nani alimuua mama yake. Mtu wa Fizi hahitaji kufafanuliwa habari kama hiyo.

Lakini si habari ya mama peke yake iliyomfunga Yaya kwa Leo. Wale waliotengeneza mchezo, kampuni ya Namco Bandai huko Japani, hawakusema kama Leo ni mwanaume ao mwanamke. Walifanya hivyo kwa makusudi. Walitaka mpiganaji atakayependwa na wachezaji wa jinsia zote. Umbo lake halikuambii, koti halikuambii, na sauti nayo unaweza kuisikia unavyotaka. Mwaka 2009 na baadaye wachezaji wa dunia nzima waligombana kuhusu jambo hilo.

Ugomvi huohuo ulifika kwenye kibanda cha kuchajia cha hapa Mboko, kando ya barabara ya Baraka, ambapo vijana wanakaa juu ya vikreti vitupu wakingoja simu zao zijae.

"Huyu Leo ni demu."

"Demu gani? Angalia mabega."

"Na sura je?"

"Sura si kitu. Wewe mwenyewe una sura ya nani?"

Wakicheka, Yaya alikuwa akiendelea kubonyeza. Alishinda mara nne mfululizo siku ile. Anakumbuka vizuri kwa nini alikuwa na furaha: ugomvi uliendelea saa nzima na Kiswahili hakikumlazimisha yeyote kuamua. Anapiga, anaruka, ameanguka, ameamka. Kifaransa cha shuleni kingewabana tangu sentensi ya kwanza wachague *il* ao *elle*. Kiswahili hakiulizi, Kibembe na Kifuliiru pia haviulizi. Kinachouliza kwa lugha zetu ni majina ya heshima. Mtu akishataka kukuita kaka ao dada, hapo ndipo mlango unafungwa. Na huku Congo tuna tabia ya kumwita mtoto wa kike "mama" kwa mapenzi, na wa kiume "papa". "Mama, leta maji." "Mama, umekula?" Mama mkubwa anasema hivyo mara ishirini kwa siku, kwa upendo wote, na Yaya anaitika mara ishirini. Kila mara ni kama mchanga kwenye jicho. Atamwambiaje aache kumpenda kwa jina hilo?

Siku moja ya Jumapili kijana mmoja alifika kibandani akiwa na megabaiti. Akatafuta. Akasoma kwa sauti kwamba Katsuhiro Harada, aliyekuwa msimamizi wa Tekken, alishajibu swali hilo zamani: Leo ni mwanamke, na Leo ni kifupi cha Eleonore.

Kibanda kizima kikalipuka. Walioshinda wakadai soda. Halafu mmoja, si mtu mbaya, ni mcheshi tu wa kila siku, akamgeukia Yaya, akatazama shati lake la mikono mirefu na kofia yake, akasema: "Sawasawa na huyu wetu. Nje koti la mwanaume, ndani Eleonore."

Tangu siku ile vijana wawili watatu wakawa wanamwita Eleonore.

Yaya hakurudi kibandani kwa siku tatu. Simu ikazima. Watu wa nyumbani walidhani ana malaria. Anavyoeleza, kicheko hakikumuuma sana, vicheko amevisikia tangu utoto. Kilichomuuma ni kwamba mahali pamoja alipokuwa akipumua palifungwa na mtu wa mbali, mtu asiyemjua, kwa jibu lilelile la nyumbani: tuliangalia, ni mwanamke, mjadala umekwisha.

Katika siku hizo tatu alifanya jambo la hatari. Alichana kipande cha kitenge, akajifunga kifua kwa nguvu kuliko siku zote, mafundo mawili mgongoni, akavaa shati juu, akaenda bombani kuchota maji. Jua lilikuwa kali. Alianguka na bidoni mkononi. Wanawake walimbeba mpaka kituo cha afya, na muuguzi alipofungua shati aweze kumsaidia kupumua akaona kile kitambaa.

Hapa isemwe wazi, kwa sababu Yaya si peke yake na wengine wanafanya hivyo bila kusema. Kujifunga kifua kwa kitenge kilichokazwa, ao kwa bandeji ile ya kuvutika ya hospitali, kunabana mbavu na mapafu. Mtu anaweza kuumia mbavu, anaweza kuzimia, na akilala nacho ni mbaya zaidi. Nguo ya ndani ya michezo inayobana kwa kiasi, ao mashati mawili makubwa, ni afadhali kuliko kitambaa. Muuguzi yule alimweleza hayo pole pole, bila kupiga kelele. Akauliza swali moja tu: "Unakificha ama unakichukia?" Yaya akajibu kwamba hajui tofauti. Muuguzi akasema basi, pumua kwanza.

Madaktari wana jina la uchungu huu. Ni uchungu wa mtu ambaye nafsi yake inasema jinsia moja na mwili wake unasema nyingine. Shirika la Afya Duniani lilipoandika upya orodha yake ya magonjwa, orodha iliyokubaliwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, lililiondoa jambo hili kwenye sura ya magonjwa ya akili. Kwa hiyo yule anayesema Yaya ni mwendawazimu, hata hospitali haimuungi mkono. Lakini uchungu wenyewe upo, na unaweza kumfikisha mtu pabaya akiachwa peke yake nao. Dawa na upasuaji ambao watu wa nchi nyingine wanazungumzia, hapa Fizi, ambapo hata paracetamol inakosekana wiki nzima, ni hadithi.

Wapo watakaosema haya yote yameletwa na simu. Simu Yaya aliipata akiwa na miaka 16. Kungoja mwili ujirekebishe alianza akiwa mtoto mdogo, akichunga mbuzi bondeni.

Mama mkubwa, baada ya lile tukio la bombani, alimpeleka kwenye chumba cha maombi. Siku tatu za kufunga. Waliombea roho iliyomkalia imtoke. Hakuna aliyempiga, na hilo anashukuru, maana anajua wengine waliopigwa. Yeye mwenyewe alisali sana kuliko wote, ni mtu wa imani. Alitoka na njaa, na vilevile alivyoingia. Mama mkubwa akasema, "Mwanangu, vita vimekuchanganya." Yaya akaona afadhali iwe vita, kwa sababu vita si kosa la mtu mmoja.

Msaada ulitoka upande usiotarajiwa. Yaya ana ndugu, mtoto wa mjomba, aliyezaliwa Nyarugusu, ile kambi ya Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia kutoka Fizi hii hii. Ndugu huyo alipelekwa Marekani na wazazi wake, sasa anafanya kazi usiku kwenye ghala, na mchana anacheza michezo. Simu iliporudi kuwaka, kulikuwa na audio kumi na moja za WhatsApp zikimngoja. Kumi zilikuwa za salamu na malalamiko ya baridi. Moja ilikuwa ya dakika saba. Yaya alikuwa amemwandikia maneno manne tu usiku ule wa Jumapili: *Leo wamesema ni mwanamke.*

Ndugu yake, ambaye hakuwahi kuambiwa chochote, alikuwa ameelewa zamani. Katika zile dakika saba alimweleza habari za mchezo mwingine, Celeste, uliotoka mwaka 2018. Ni msichana anayeitwa Madeline, anataka kupanda mlima. Hakuna bunduki. Unaruka, unashika mwamba, unaanguka, unakufa, unaanza tena papo hapo. Njiani anapita mbele ya kioo, na kutoka ndani ya kioo inatoka nusu yake nyingine, yenye nywele za zambarau, inayomwambia arudi nyumbani, hawezi, yeye si mtu wa kupanda milima. Inamkimbiza. Anapambana nayo mpaka inamwangusha chini kabisa. Baadaye anaacha kupambana nayo, anazungumza nayo, na wanapanda pamoja. Na mchezo unampa nguvu mpya: kabla ya hapo aliweza kujirusha hewani mara moja, sasa anaweza mara mbili.

Mchezo mzima hausemi popote kwamba Madeline alizaliwa akaitwa mvulana. Lakini watu wenye uchungu kama wa Yaya waliucheza wakajiona. Walisema, kile kioo tunakijua. Mwaka 2019 waliotengeneza mchezo waliongeza sura ya mwisho, na ndani yake, chumbani kwa Madeline, ikaonekana bendera ndogo ya watu hao mezani. Ugomvi ukaanza, kama ule wa kibandani: ni yeye, si yeye. Novemba 2020 Maddy Thorson, aliyeongoza kazi ya kuutengeneza, akaandika kwamba ndiyo, Madeline ni mtu wa namna hiyo. Akaongeza jambo ambalo ndugu yake Yaya alilirudia mara mbili kwenye audio: alipokuwa akiuandika mchezo, yeye mwenyewe alikuwa bado hajajijua kwamba ni wa namna hiyo. Wachezaji walikuwa wameona kitu ambacho mwenye kazi alikuwa hajakiona.

Kuna mfano mwingine unaofanana, wa Bridget, mpiganaji wa mchezo wa Kijapani wa Guilty Gear tangu mwaka 2002. Bridget alizaliwa pacha wa kiume, na kijijini kwao pacha wawili wa kiume walihesabiwa ni mkosi, basi wazazi wakamlea kama msichana ili kumficha. Kwa miaka ishirini watengenezaji walisema ni mvulana. Mwaka 2022, katika mchezo mpya, Bridget akatafakari, akasema mwenyewe kwamba ni msichana. Kwa hiyo jibu la mwenye mchezo linaweza kubadilika. Huku Babembe na majirani zao wanajua mambo ya pacha na majina yao, watu wangemsikiliza Bridget kwa makini kuliko wanavyodhani.

"Yule Harada ana neno lake," ndugu alimaliza audio, akipiga miayo, ilikuwa asubuhi kwake. "Lakini si yeye aliyekaa na wewe kwenye lori."

Celeste yenyewe simu ya Yaya haiiwezi. Lakini kabla ya mchezo mkubwa kulikuwa na mdogo, ambao Thorson na mwenzake Noel Berry waliutengeneza mwaka 2015 kwa siku nne tu, na unachezwa bure ndani ya kivinjari cha intaneti. Picha zake ni vidoti, kama michezo ya zamani. Kila skrini unayopita ni mita mia moja za mlima. Yaya amekwama mita 1200. Amekufa, kwa hesabu yake mwenyewe, zaidi ya mara mia tatu, na hilo analisema akicheka.

Kilichomsaidia zaidi hakimo hata ndani ya mchezo huo mdogo. Kimo ndani ya audio. Kuna mahali kwenye mchezo mkubwa Madeline amepanda chombo cha kuvutwa na kamba juu ya bonde, kamba inakwama, anashikwa na hofu, pumzi inamtoka. Rafiki yake Theo anamwambia afumbe macho, afikirie unyoya unaelea mbele yake, na apumue taratibu ili unyoya usianguke. Skrini inaonyesha unyoya, na mchezaji ndiye anayeuweka juu kwa kubonyeza polepole. Ndugu alimwambia: huna mchezo, lakini unyoya unao, mama mkubwa anafuga kuku.

Basi usiku koridoni, pale uchungu unapokuja, na unakuja zaidi siku zile za mwezi, Yaya anafumba macho na kufikiria unyoya wa jogoo mwekundu wa mama mkubwa. Anaupandisha. Anaushusha. Anaupandisha. Mara nyingine unaanguka. Mara nyingine usingizi unamkuta kabla haujaanguka.

Hakuna aliyesema hili ni tiba. Asubuhi ndoo inamngoja, na ziwa, na pande mbili za mchanga.

Alipopata nguvu kidogo, alianza kuuliza mambo ya nje ya simu. Je, kuna mtu yeyote upande huu wa dunia aliyewahi kushinda? Ndugu alimtafutia. Nairobi, Oktoba 2014, Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru baraza la mitihani la nchi hiyo limpe Audrey Mbugua cheti kipya cha shule, chenye jina analolitumia, na bila alama ya jinsia. Audrey alizaliwa akaitwa mvulana, anaishi kama mwanamke, na kwa miaka alikuwa na vyeti vizuri asivyoweza kumwonyesha mwajiri yeyote kwa sababu jina na sura havikukubaliana. Yaya alikuwa mwaka wa tano wa segondari vita vilipomkuta. Diploma ya Serikali hajaipata. Alikuwa anaogopa kuipata, kwa sababu itaandikwa lile jina.

Congo si Kenya. Sheria zetu hazina kifungu kinachomtaja mtu kama Yaya kwa kumtetea ao kumwadhibu. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 40, inataja ndoa ya mwanaume na mwanamke, basi. Kuna kifungu cha 176 cha sheria za adhabu, cha kuharibu tabia njema, ambacho ni kipana kiasi kwamba askari mwenye njaa anaweza kukitumia barabarani. Bukavu kuna shirika linaloitwa Rainbow Sunrise Mapambazuko, linalotetea watu hawa, lakini barabara ya kwenda Bukavu kila mmoja anajua ilivyo sasa.

Wiki iliyopita watu wa shirika moja walifika mtaani kuandikisha wakimbizi wa ndani. Walikaa chini ya mwembe na karatasi zao. Jina, umri, mahali ulipotoka, halafu kisanduku: M ao F. Wanaoandikwa F wanapewa pia mfuko wa usafi wa wanawake, wenye sabuni, kitenge, ndoo na vitambaa vya siku za mwezi. Safari ya kwanza Yaya hakwenda kuandikishwa kabisa. Alikosa mfuko, alikosa na unga. Vitambaa alivihitaji, sabuni alihitaji, lakini kusimama kwenye mstari ule mbele ya vijana wa kibandani hakuweza. Kwa miezi miwili alitumia nguo kuukuu.

Safari hii mama mkubwa alikwenda mwenyewe kuandikisha watu wote wa nyumba. Alihesabu kwa vidole. Alipofika kwa Yaya alitaja umri, akataja Bonde la Ruzizi. Mwandishi, kijana wa Uvira mwenye haraka, akauliza bila kuinua kichwa: "Mwanaume, mwanamke?"

Mama mkubwa alinyamaza. Wale waliokuwa nyuma wanasema alinyamaza muda mrefu mpaka mwandishi akainua kichwa.

"Ni mtoto wa mdogo wangu," akasema. "Mdogo wangu amekufa."

"Ndiyo mama, pole sana. Lakini M ao F?"

"Andika ile ya kupewa vitambaa. Lakini mfuko nitachukua mimi. Yeye msimwite."

Mwandishi akaandika F, akapita kwa mwingine. Jioni mama mkubwa aliweka mfuko koridoni, karibu na majiko, bila kusema neno, akaingia ndani. Baadaye akaita kutoka chumbani: "Mam..." akakatiza. Akakohoa. "We Yaya, umefunga kuku?"

Yaya akajibu amefunga. Simu ilikuwa na asilimia kumi na nne. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amejibanza kando yake, anataka acheze naye mara moja kabla haijazima, na alikuwa ameshachagua mpiganaji wake.

"Wewe chukua Leo," mtoto akasema. "Mimi nitakuwa dubu."